Mchi Ulioitwa Siwa

Habari hii niliipata kwa Mama Hidaya, mshona mapazia, siku ya pili ya matanga ya mzee Nassoro, tulipokaa uani tukichambua mchele na mvua ya vuli imetukatalia kuondoka. Mama Hidaya ndiye aliyeshona mapazia ya Baraza la Kaunti ya Mbwembweni, na mshona mapazia husikia mengi, kwa kuwa wakubwa hawamhesabu mtu aliyepanda ngazi kushika pindo. Nchi yenyewe hakuitaja jina. Alisema tu iko mbali, na sote pale uani tukaitikia kwamba naam, itakuwa mbali sana, maana kwetu mambo kama hayo hayapo.

Basi huko Mbwembweni kulikuwa na baraza la waheshimiwa ishirini na wanne, na baraza lile lilikuwa na siwa. Siwa yao ilikuwa rungu la heshima, refu, lenye nakshi, ambalo kila asubuhi lilibebwa begani na mtu aitwaye mpambe na kulazwa mezani mbele ya Spika. Siwa ikiwa mezani, kila kinachosemwa ni hoja. Siwa isipokuwepo, kinachosemwa ni kelele tu, kama za vyura. Waheshimiwa waliishika kanuni hiyo kwa meno yote. Mwaka mmoja jiko la baraza lilishika moto wakati siwa imefungiwa kabatini, na mheshimiwa aliyeuona moshi akakataa katakata kupiga ukelele, akisema hawezi kutoa taarifa nje ya utaratibu. Jiko likaungua kwa utaratibu.

Nyuma ya jengo hilo, ng'ambo ya ua wa michongoma, aliishi mjane aitwaye Bi Chausiku, aliyekuwa akiwatwangia watu mpunga. Mchi wake ulichongwa na marehemu mumewe, Mzee Kibwana, kwa gogo la mkwaju, mwaka waliooana. Pale kiunoni mwa mchi, mahali mkono unaposhika, aliuchoma alama ya mguu wa kuku ili usipotelee kwa majirani. Watoto watano walikula kwa mchi ule. Wanne wamekwishaondoka nyumbani, na aliyebaki ni kitindamimba, Mwanamvua, ambaye harusi yake ilipangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Na desturi ya watu wale ni kwamba kitindamimba wa kike haendi kwa mume mikono mitupu. Huenda na kinu cha mama yake na mchi wake, uleule uliomlea. Wakwe huuliza mchi uko wapi kabla hawajauliza bibi harusi yuko chumba gani. Mchi mpya hawaupokei. Kumpa binti mchi mpya ni kutangaza kwamba mama mtu hakuwahi kumtwangia mwanawe chochote, kamlea kwa kudoea.

Sasa, mchwa hawajui heshima. Asubuhi moja, siku Waziri alipokuwa anakuja kulitembelea baraza, mpambe aliyeitwa Shomari alifungua kabati, akainua siwa begani, akajikuta kashika kichwa cha siwa na viatu vimejaa unga wa mbao. Mchwa walikuwa wamekula kila kitu ndani, wakabakiza rangi. Spika, Mheshimiwa Kapilima, mtu mwenye tumbo la mamlaka, aliketi sakafuni. Waziri yuko njiani, na bila siwa hata kumwambia karibu itakuwa kelele.

Ndipo kutoka ng'ambo ya michongoma kukasikika: du, du, du.

Shomari aliruka ua na sare yake. Bi Chausiku alikuwa na mpunga wa watu kinuni. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaupangusa mchi kwa pindo la kanga.

"Mpaka saa ngapi, mwanangu?"

"Saa saba, mama. Saa saba kamili nakurudishia kwa mkono wangu."

"Haya. Saa saba," akasema Bi Chausiku, akampa. Hakuuliza saa saba ya siku gani. Alikuwa hajui kwamba huko ndani saa nazo zinahitaji tafsiri.

Wakaupaka mchi rangi ya dhahabu, wakaufunga utepe mwekundu, wakaulaza mezani rangi ikiwa bado mbichi. Waziri akauinamia, akaugusa, na aliponyanyuka na kidole cha dhahabu alisema kwamba katika kaunti zote hajapata kuona siwa yenye uzito wa historia kama ile. Karani wa baraza, Bwana Ezekia, akaandika kitabuni: "Siwa mpya imepokelewa." Na kitu kikishaandikwa na Bwana Ezekia, basi hata macho yako mwenyewe hayana rufaa.

Saa saba ikapita. Ikapita ya kesho yake, na ya mtondo. Wiki tatu zikakatika, na chini ya mchi wa Bi Chausiku baraza likachapa kazi kama halijawahi kuchapa. Lilipitisha kwamba Mheshimiwa aitwe Mheshimiwa Mtukufu. Likajiongezea miaka miwili madarakani, ili wajumbe wapate muda wa kuvizoea viti. Likatangaza kwamba barabara ya sokoni ni ya lami, na yeyote atakayeonekana na vumbi miguuni apelekwe kwa karani akaeleze vumbi hilo amelitoa kaunti gani.

Bi Chausiku alisubiri. Alitwanga kwa mchi wa kuazima, mwepesi kama bua, unaorukaruka kinuni kama una deni na mtu. Lakini Jumatatu ya wiki ya harusi alizihesabu siku akaona zimebaki tano, akavaa kanga zake safi, akaenda.

Mlangoni alisimamishwa kwa ajili ya vumbi. Alieleza kwamba amelitoa kwenye barabara ya lami, na mlinzi, baada ya kuwaza kidogo, akaliruhusu vumbi lipite. Ndani alimkuta Shomari amesimama kando ya meza, na mchi umelala mbele yake unang'aa kama bwana harusi.

"Mwanangu, uliniambia saa saba."

"Nilikuambia, mama." Shomari aliangalia viatu vyake. "Lakini kanuni inasema, maadamu macho ya mpambe yako wazi, siwa haitoki ukumbini ila kwa amri ya baraza. Na mimi nimefumbua macho tangu saa kumi na mbili."

Karani Ezekia alimsaidia kwa moyo mkunjufu. Alifungua kitabu, akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa, akamwambia kwamba baraza lina viti, lina mapazia, lina kengele na lina siwa, lakini mchi halina. Kama anadai mchi, basi anadai kitu kisichokuwepo, na fomu ya kudai kitu kisichokuwepo ilikuwa imekwisha, labda mwezi ujao.

Ikabidi aende kwa mjumbe wa wadi yake. Huyu watu walimwita Mheshimiwa Debe, kwa kuwa wakati wa kampeni alihutubia akiwa amesimama juu ya debe tupu, na jina lilimkaa vizuri hata mwenyewe akalipenda. Mheshimiwa Debe alimpokea mama yake wa wadi kwa mikono miwili, akamwapia kwamba atalifikisha jambo lile mbele ya baraza kabla jua halijatua, na kweli alilifikisha. Alisimama akaleta hoja kuhusu kitu kinachodhaniwa kufanana na mchi, kisha akaongea kwa saa mbili. Alianza na kuzaliwa kwake. Alieleza alivyosoma bila viatu, alivyovipata viatu, na alivyovisahau vile vya kwanza baada ya kupata vya pili. Alipokaribia mahali ambapo ungemtazamia aseme neno mchi, kengele ya chai ililia.

Baada ya chai akasimama Mheshimiwa Kazimoto, mama mmoja mwenye kilemba kilichopanda hadi kwenye taa za dari, ambaye alikuwa kiongozi wa walio wengi. Hakumpinga mtu. Alisema hoja ni nzito, inagusa utamaduni, na kwa sababu hiyo haifai kuamuliwa na watu wanaoufahamu utamaduni huo, kwani watapendelea. Akashauri iundwe kamati ya wajumbe kumi na mmoja, isafiri kwenda nchi ambako watu hawatwangi kabisa, ikajionee wanavyoishi. Wajumbe ishirini na watatu walisimama kujitolea kuwa kumi na mmoja. Spika peke yake hakusimama, maana yeye alikwenda kwa cheo.

Bi Chausiku, aliyekuwa ameketi kwenye kibao cha wananchi, aliomba ruhusa akasema harusi ni Jumamosi. Mheshimiwa Kazimoto alimgeukia kwa upole mkubwa, akamwuliza kama haoni ni rahisi zaidi kuahirisha harusi kuliko kuahirisha kanuni.

Jumanne baraza lilijadili nani akae dirishani katika safari hiyo, na halikufika mwisho.

Jumatano mambo yalionekana kwenda. Spika alikuwa ameona kwamba safari itachelewa, akatoa wazo kwamba badala yake jaribio lifanyike hapohapo. Kama kitu kile ni mchi, kitaingia kinuni na kutwanga, na kama ni siwa, kitakataa. Bi Chausiku akaambiwa alete kinu chake. Walikibeba yeye na Mwanamvua, wakapumzika mara nne njiani, na wote wawili wakaandikiwa vumbi.

Kilipowekwa katikati ya ukumbi likazuka swali la nidhamu: siwa itatwanga nini? Mpunga haukufaa, kwa kuwa ni chakula cha watu wa chini, na siwa ingedhalilika. Karafuu zilikuwa na harufu ya upande wa upinzani. Mjadala ulikwenda hadi adhuhuri, na mwishowe wote, walio wengi na walio wachache, wakakubaliana kwa kauli moja kitu kisicho na chama wala kabila. Wakamimina maji.

Mimi nasimulia nilivyosimuliwa. Waheshimiwa Watukufu ishirini na wanne walipanga mstari, wakakunja mikono ya makoti, na kila mmoja akapokea mchi akatwanga maji yale kwa zamu, huku mpiga picha akimwomba atabasamu. Mheshimiwa Debe alitwanga kwa nguvu mpaka akamlowesha karani. Mheshimiwa Kazimoto alitwanga kwa ncha za vidole, ili kilemba kisitikisike. Waliokwisha zamu zao walipiga makofi, na wengine wakapanga mstari upya. Hadi saa kumi jioni walikuwa bado wanatwanga, na Mama Hidaya anasema hajapata kuwaona wameshikamana kiasi kile.

Taarifa ya jaribio ilisomwa papo hapo. Ilisema kwamba kitu kinachojadiliwa kiliingia kinuni bila matatizo, lakini kwa kuwa kilichomo ndani hakikuonyesha dalili yoyote ya kutwangika, haikuweza kuthibitishwa kwamba kitu hicho ni mchi.

Usiku ule Mwanamvua alimwambia mama yake waliache. "Nitakwenda bila mchi, mama. Wakisema, waseme."

"Uende bila mchi na mimi ni mzima?" akasema Bi Chausiku. "Mama mkwe wako ana dada saba. Kila mmoja akisema neno moja tu kwa siku, wewe utazeeka kabla ya mwaka."

Alhamisi alirudi akaomba mchi ugeuzwe. Shomari akaugeuza. Pale kiunoni, rangi ya dhahabu ilikuwa imelika kwa viganja vya watukufu ishirini na wanne, na mguu wa kuku ukatokeza mweusi, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, kama Mzee Kibwana alivyouchoma. Watukufu wakainuka vitini kuutazama. Hata Bwana Ezekia aliinua kalamu.

Spika akakohoa. Alikuwa mtu wa kunyoosha jambo likishapinda vya kutosha. Akasema ni kweli, ule ni mchi, na kila mwenye macho alijua tangu siku ya kwanza kwamba ni mchi. "Lakini, mama, nisikilize. Tukikurudishia, tutakuwa tumekiri kwamba haukuwa siwa. Na kama haukuwa siwa, yote tuliyoyasema kwa wiki tatu ni kelele. Miaka yetu miwili, kelele. Lami, kelele. Na hata uamuzi wenyewe wa kukurudishia, tutakuwa tumeupitisha bila siwa, kwa hiyo nao ni kelele, na mchi unabaki palepale. Unaona tunavyokuhurumia? Tunataka, ila haiwezekani."

Bi Chausiku akainamia meza. Alikuwa anautazama mguu wa kuku.

Mheshimiwa Kazimoto aliona huzuni yake, na moyo ukamsukuma. Akasema si vizuri mchi kukaa huku na kinu kukaa kule, ni kama kutenganisha mtu na mkewe. Akatoa hoja kwamba kinu nacho, kwa kuwa kimekwishatumiwa katika shughuli rasmi, kichukuliwe na baraza na kiitwe Tako la Siwa. Hoja ilipita kwa shangwe. Shomari akaamriwa akisogeze chini ya meza.

Ndivyo Bi Chausiku alivyokwenda kudai mchi akaacha na kinu.

Halafu, kwa kuwa walikuwa watu wenye adabu, wakapanga kwamba Ijumaa mama huyo aje mbele ya baraza kutoa shukrani. Bwana Ezekia alimweleza utaratibu akiwa mlangoni, kwa sauti ya chini. Mwananchi akija kulalamika hupewa dakika tatu. Akija kushukuru hana mpaka, kanuni imelinyamazia hilo, maana aliyeitunga hakuona sababu ya kumkatiza mtu anayeshukuru.

Bi Chausiku alisimama pale mlangoni. "Hana mpaka kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Na aliyenyamaza wakati hoja inaulizwa?"

"Huyo amekubali," akasema Bwana Ezekia. "Wengi wetu ndivyo tunavyokubali."

Alirudi nyumbani akawaambia wanawake waliokuja kusaidia harusi kwamba pilau ya kesho kutwa itapikwa kesho, nusu yake. Hakueleza zaidi, nao hawakumwuliza. Mtu mwenye harusi huachiwa wazimu wake.

Ijumaa saa nne asubuhi wanawake wanane waliingia ukumbini na masufuria mawili makubwa vichwani. Hakuna aliyewauliza vumbi. Pilau ilikuwa ya nyama ya mbuzi, imekolea bizari, mafuta yanaogelea juu, na Bi Chausiku mwenyewe alipakua kwa mwiko mrefu wa shughuli, akimwongezea kila mtukufu kabla sahani haijaonekana chini. Mheshimiwa Debe alikula tatu. Spika alifungua vifungo viwili, na cha tatu kikajifungua chenyewe.

Kisha kengele ikalia, wakakaa, na yeye akasimama kushukuru.

Hakupandisha sauti. Alishukuru kama mtu anayebembeleza mtoto. Alianza na Spika, akamshukuru yeye, akamshukuru marehemu baba yake, akakumbuka ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja kwa rangi zao, na malisho waliyokwenda, na mito waliyonywea. Akahamia kwa Mheshimiwa Kazimoto, akakishukuru kilemba, na mkunjo wa kwanza wa kilemba, na wa pili. Watukufu waliegemea viti ili wasikie sifa zao vizuri. Feni lilizunguka juu, kriii, kriii. Kwa mjumbe wa sita, mmoja wao alikuwa amefumba macho ili azitafakari. Kwa mjumbe wa tisa kilemba cha Mheshimiwa Kazimoto kililala begani kwa jirani yake wa upinzani, jambo ambalo lisingewezekana kwa kura. Mheshimiwa Debe alikoroma kwa sauti ya jina lake. Spika alijitahidi mpaka kwa mjumbe wa kumi na saba, kisha kidevu kikapata kifua. Bwana Ezekia aliandika kila neno, akaandika, akaandika, hata mstari ukaanza kuteremka ukurasani, ukatoka kwenye kitabu, ukaishia mezani.

Bi Chausiku akamaliza wote ishirini na wanne. Hakutaka kumdhulumu mtu. Ndipo akasema, kwa sauti ileile:

"Naomba kuondoka na mchi wangu na kinu changu. Anayekataa aseme."

Feni likazunguka. Akauliza tena, ili isije ikasemwa hakuuliza. Hakusema mtu.

Shomari peke yake alikuwa amesimama kando ya meza, wima, macho yamemtoka mekundu. Hakuwa amegusa pilau. Mpambe hali kazini.

"Shomari, mwanangu. Saa ngapi sasa?"

Shomari alitazama saa ya ukutani kwa muda mrefu. "Saa saba, mama. Kamili."

"Basi."

"Lakini wakiamka, mama, wasipoona kitu mezani..."

Bi Chausiku aliupangusa ule mwiko wa shughuli kwa pindo la kanga, kama alivyoupangusa mchi siku ile, akaulaza mezani. Ulibaki na mafuta kidogo, unang'aa. Shomari aliutazama. Kisha, kwa kuwa hiyo ni kazi yake, aliufungua utepe mwekundu kwenye mchi, akaufunga kwenye mwiko, akalinganisha ncha mbili za utepe zikawa sawa. Akarudi nyuma hatua moja, akainama kidogo mbele yake, kwa miaka kumi na tisa ya mazoea.

"Inafaa," akasema.

"Inafaa. Sasa kaa chini."

"Macho yangu bado yako wazi, mama."

"Yako wazi tangu saa kumi na mbili, baba. Yapumzishe."

Shomari akaketi kwenye ngazi ya kiti cha Spika, akavua kofia, akaipakata. Bi Chausiku akampakulia sahani ya mwisho, akaiweka karibu naye na kuifunika. Wanawake walikuwa wameshainama chini ya meza. Kinu kikalazwa ubavu, kikaviringishwa taratibu kati ya viti vya walio wengi na viti vya walio wachache, na nyuma yake akafuata Bi Chausiku na mchi begani, akiwaza jinsi atakavyoisugua ile dhahabu kwa mchanga na majivu kabla wakwe hawajafika.

Shomari akafumba jicho moja. Kinu kilipovuka kizingiti kilipiga du, mara moja tu, naye alikuwa ameshafumba la pili.